Namba Ileile, Valvu Nyingine: Kisa cha Kutafuta Mbadala wa 7591 katika Risiva ya Miaka ya 1960

Utangulizi wa kisa

Kisa hiki kinahusu risiva ya stirio (redio na kikuza sauti katika sanduku moja) iliyotengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo mwenyewe aliileta katika karakana moja ya nchi hiyo ikiwa na valvu moja ya nguvu (taa ya kioo inayokuza mawimbi ya sauti mpaka yaendeshe spika) inayowaka wekundu. Majina ya mtengenezaji wa risiva, ya mwenye chombo na ya fundi aliyekigusa kabla yetu yameondolewa, na mambo ambayo yangemtambulisha mtu yeyote yameachwa nje. Vipimo vyote vilichukuliwa mezani wakati wa kazi.

Nimekichagua kwa sababu swali lililoletwa na swali lililohitaji kujibiwa yalikuwa mawili tofauti. Mwenye risiva aliuliza ni valvu gani yenye nguvu zaidi inayoweza kuwekwa badala ya 7591, aina ya valvu za nguvu zilizokuwamo. Tulichopaswa kujua kwanza ni kama saketi yenyewe bado ilikuwa tayari kupokea valvu yoyote, hata ile iliyoandikwa namba ileile.

Usuli: 7591 ni valvu ya namna gani

Valvu ya 7591 ilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati viwanda vya vyombo vya muziki vya nyumbani viliposhindana kuingiza tuna (sehemu inayonasa redio), hatua za awali na kikuza sauti cha chaneli mbili katika sanduku moja la kuwekwa sebuleni. Ilitumika katika vyombo vinavyotafutwa mpaka leo, zikiwamo risiva ya Fisher 500-C na kikuza nguvu cha McIntosh MC225, kila kimoja kikiwa na valvu nne za aina hii.

Thamani yake haikuwa katika ukubwa wa nguvu. Anodi yake, yaani bamba linalopokea mkondo, huruhusiwa kupoteza wati 19 tu kama joto, ilhali valvu nyingine za nguvu, 6L6GC na EL34, huruhusiwa wati 30 na wati 25. Thamani yake ilikuwa katika wepesi wa kuendeshwa: katika mazingira ya kawaida ya vipimo, badiliko la volti 1 kwenye gridi ya kwanza, wavu unaodhibiti mkondo huo, hubadilisha mkondo wa anodi kwa takriban miliampia 10, na filamenti yake, waya unaoipasha moto, hula ampia 0.8 tu. Kwa hiyo mbunifu aliweza kuiendesha kwa hatua ndogo yenye volti chache na kutumia transfoma ya umeme ya wastani, na bado akapata wati za kutosha chumba. Kila sehemu ya risiva za aina hii, kuanzia transfoma mpaka rezista za gridi, ilipimiwa tabia hizo, na hapo ndipo ugumu wa kuibadilisha unapoanzia.

Viwanda vya Marekani vilipoacha kutengeneza valvu, 7591 ilibaki ikipatikana katika akiba za zamani peke yake kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utengenezaji mpya ulianza tena Saratov, Urusi, kwa jina la Electro-Harmonix, na baadaye JJ ya Slovakia nayo ikatoa ya kwake. Namba ni moja, lakini umbo la ndani, vifaa na hata unene wa kioo si lazima vilingane na vya zamani.

Mambo yalivyotokea kabla ya chombo kufika mezani

Mwaka uliotangulia, fundi mwingine aliondoa valvu nne za zamani na kuweka nne mpya za namba hiyohiyo. Hakugusa kitu kingine. Kwa majuma machache risiva ilipiga vizuri, kisha jioni moja anodi ya valvu moja ya chaneli ya kulia ikaanza kuwaka wekundu baada ya chombo kukaa kimewashwa kama nusu saa. Fundi alileta valvu nyingine mpya, nayo ikafanya vilevile mahali palepale. Muuzaji alipoulizwa alisema kwamba 7591 za siku hizi hazivumilii, na akapendekeza soketi ziunganishwe upya ili zipokee EL34, ambazo ni rahisi kupatikana. Mwenye risiva alinunua EL34 nne na kuja nazo.

Alikuja pia na kitu kilichotusaidia kuliko vyote: kisanduku chenye valvu nne za zamani, ambazo hakuzitupa. Moja ilikuwa imekufa, na tatu zilionyesha afya njema kwenye kipimio.

Uchunguzi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokuweka valvu yoyote ya nguvu mpaka chombo kipandishwe volti polepole na kupimwa kikiwa kitupu. Umeme wa ukutani ulikuwa volti 123, ilhali bamba la nyuma la risiva liliandikwa 117. Tofauti hiyo ya asilimia 5 hupenya kila mahali: filamenti zilipata volti 6.6 badala ya 6.3, na hata baada ya valvu kurudishwa na kuanza kuvuta mkondo, anodi zilisimama kwenye volti 445. Volti hasi ya gridi, yaani bayasi, ndiyo iliyokuwa imepungua. Mchoro ulitaka hasi 18, nasi tulipata hasi 15.5, kwa sababu rekitifaya ya seleniamu (kigeuzi cha umeme kuwa wa moja kwa moja) iliyokuwa ikiizalisha ilikuwa imezeeka. Basi valvu ilikuwa ikisukumwa kutoka pande mbili, volti ya juu imezidi na breki yake imelegea.

Hayo peke yake hayakutosha kueleza kwa nini valvu moja tu ilikimbia. Tuliweka rezista ya omu 10 kwenye kathodi ya kila valvu, upande unaotoa mkondo wake, ili mkondo usomeke kama volti ndogo (volti 0.33 ni miliampia 33), kisha tukaacha chombo kipate moto tukiwa tumekitazama. Valvu tatu zilitulia. Ile ya mahali pabaya ilianza na miliampia 36, ikapanda bila kusita, na ilipopita 70 tulizima. Miliampia 70 kwa volti 445 ni wati 31, juu ya anodi iliyoruhusiwa 19.

Kipimo kilichofungua kisa kilikuwa cha volti kwenye pini ya gridi yenyewe, kikilinganishwa na volti iliyo upande wa pili wa rezista ya gridi, ile inayopeleka bayasi kwenye gridi. Kama hakuna mkondo unaopita kwenye rezista hiyo, pande zote mbili husoma sawa. Upande wa bayasi ulisoma hasi 15.5 na pini ya gridi ikasoma hasi 10.9, maana yake volti 4.6 zilipotelea katika rezista ya omu 330,000. Tulipochomoa valvu, bado zilipotea volti 1.2. Hizo hazikuweza kutoka kwenye valvu ambayo haimo. Zilitoka kwenye kapasita ya karatasi inayoleta mawimbi kutoka hatua ya nyuma, ambayo ilikuwa ikivujisha umeme wa moja kwa moja. Volti 3.4 zilizobaki zililetwa na valvu mpya. Ni mkondo wa takriban mikroampia 10, kiasi kidogo mno, lakini katika rezista kubwa namna ile unatosha kuifungua valvu.

Kisha tukaiweka mahali palepale moja ya valvu tatu za zamani. Upotevu ukarudi kuwa volti 1.2, na mkondo ukatulia. Hapa ndipo mtu angeweza kufunga kesi kwa kusema valvu mpya ni mbovu, kama muuzaji alivyosema. Lakini karatasi za vipimo za 7591 yenyewe zinaweka kikomo cha rezista ya gridi kuwa omu 300,000 pale bayasi inapotoka nje kama ilivyo hapa, na risiva hii ilitoka kiwandani ikiwa na 330,000. Mbunifu alikuwa amevuka kikomo kidogo tangu mwanzo, na valvu za zamani zikamvumilia kwa miongo mingi. Valvu mpya iliyo na mkondo mdogo wa gridi haikuwa na uvumilivu huo, na kapasita iliyozeeka ikamaliza akiba iliyokuwa imebaki.

Neno moja kuhusu mita, kwa sababu wapo mafundi wanaofanya kipimo hiki wasione kitu. Mita ya kidijitali yenye ukinzani wa omu milioni 10 hupunguza usomaji wa pini ya gridi kwa takriban asilimia 3 tu. Mita ya mshale yenye omu 20,000 kwa kila volti, ikiwa kwenye mkao wa volti 50, hupunguza usomaji huo kwa takriban robo, na hapo huwezi kujua tatizo ni la valvu, la kapasita au la mita.

Njia zilizozingatiwa

Njia ya kwanza ilikuwa EL34, zile ambazo mwenye risiva alikuwa amekwisha kuzilipia. Ni valvu njema, na wepesi wake wa kuitika gridi haupishani sana na wa 7591. Kilichoikataa ni filamenti. Nne za 7591 hula ampia 3.2 na nne za EL34 hula ampia 6. Ampia 2.8 za ziada kwa volti 6.3 ni karibu wati 18 za mzigo mpya juu ya transfoma ambayo tayari ilikuwa ikipata moto mwingi ndani ya sanduku la mbao, na transfoma hiyo ikiungua hakuna duka linaloiuza. Isitoshe, kwa volti zilizokuwapo EL34 ingehitaji bayasi ya karibu hasi 36, maradufu ya ile ambayo chombo kiliweza kutoa, na hatua ya nyuma nayo ingelazimika kutoa mawimbi makubwa maradufu.

Tulimweleza pia kwamba wati asingepata zaidi. Nguvu inayofika kwenye spika huamuliwa na volti iliyopo, transfoma ya kutolea sauti na uwezo wa usambazaji wa umeme, na vyote hivyo vingebaki vilevile. Anodi yenye uwezo wa wati 25 humpa mtu nafasi ya usalama. Haiongezi nguvu ambayo transfoma haina.

Njia ya pili, 6L6GC, ilistahili kufikiriwa kwa uzito zaidi. Filamenti yake ni ampia 0.9, hivyo transfoma isingeumia, na anodi yake ni imara. Lakini kwa volti 1 ya gridi hubadilisha mkondo kwa takriban miliampia 6 tu, na bayasi yake kwa volti hizi hukaribia hasi 37. Kikuza sauti kingepoteza sehemu kubwa ya ukuzaji wake wa ndani, mrejesho hasi unaosafisha sauti ungepungua kwa kiasi hichohicho, na hatua ya kugawa mawimbi, ile inayoyapeleka kwa valvu mbili za kila chaneli, ingeanza kuyakata vichwa kabla ya valvu za nguvu kufikia kikomo. Anayejenga upya hatua zote za nyuma anaweza kuitumia vizuri kabisa. Anayebadilisha soketi peke yake atapata chombo kilichopoa na kuchoka.

Hapa pana hatari ambayo lazima isemwe waziwazi. Soketi ni za pini nane zote, na valvu hizi huingia bila kulazimishwa, lakini pini hazifanani. Katika 7591 kathodi iko pini 5, gridi ya kwanza pini 6, na gridi ya pili, wavu mwingine wenye volti ya juu, imetolewa pini 4 na pini 8. Katika 6L6GC na EL34 gridi ya kwanza iko pini 5 na kathodi iko pini 8. Endapo pini 8 ya soketi imeunganishwa, anayechomeka 6L6GC bila kubadilisha nyaya anaipelekea kathodi volti zaidi ya 400. Adapta zinazouzwa hupanga pini upya, nazo hufanya kazi hiyo sawasawa, lakini hazigusi bayasi wala mahitaji ya mawimbi.

Njia ya tatu, kununua 7591 za zamani zisizotumika, ilikuwa salama kwa saketi na ghali kwa mfuko: seti ya nne zilizolinganishwa iligharimu zaidi ya kazi nzima ya ukarabati, na zilizotumika huuzwa mara nyingi kama hazikutumika. Valvu ya 7868, ambayo kwa umeme ni ndugu kamili wa 7591 ila kitako chake ni cha pini tisa, ilikuwa na tatizo hilohilo la bei.

Ilibaki njia ya nne: 7591 mpya, na saketi irekebishwe ili izipokee. Hiyo ndiyo tuliyoichagua, na mwenye risiva akakubali baada ya kuonyeshwa mita mwenyewe.

Kazi iliyofanyika

Tulianza na mambo mawili tu, tukiacha gridi zilivyo: kipunguza msukumo cha joto (rezista ambayo ukinzani wake hupungua ikipata moto) kwenye njia ya umeme, ambacho kiliishusha risiva mpaka hali ya volti 120 hivi, na dayodi ya silikoni (rekitifaya ya kisasa) badala ya seleniamu. Dayodi haikuwekwa hivihivi, kwa kuwa katika risiva hii chanzo cha bayasi ndicho pia kinachowasha filamenti za valvu ndogo za hatua ya awali. Silikoni hupoteza volti chache kuliko seleniamu, na bila rezista ya kufidia filamenti hizo zingezidishiwa. Bayasi ilifika hasi 18.5, anodi zikashuka mpaka volti 435. Ile valvu ilianza chini zaidi, lakini baada ya dakika 50 ilikuwa imefika miliampia 52 na bado inapanda. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, ila haikutosha.

Ndipo tukabadilisha kapasita za karatasi na rezista za gridi. Omu 330,000 ziliondolewa zikawekwa omu 150,000, na kapasita za mikrofaradi 0.047 zikapisha za 0.1. Mabadiliko haya mawili huenda pamoja: rezista na kapasita za zamani zilianza kupunguza sauti nzito kwenye takriban hezi 10, na jozi mpya nayo ni takriban hezi 10 na nusu. Anayepunguza rezista akasahau kapasita hukata besi na kusogeza tabia ya mrejesho hasi kwenye sauti za chini, jambo linaloweza kukifanya kikuza sauti kiyumbeyumbe. Kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la mawimbi, tulihakikisha kwamba hatua ya kugawa mawimbi haikulemewa na mzigo mpya, na kwamba valvu za nguvu ndizo zilizoendelea kufikia kikomo kwanza.

Mwisho tuliweka kirekebisho cha bayasi kwa kila valvu peke yake, kwa mpangilio ambao kirekebisho kikikatika valvu hupata bayasi kamili na kunyamaza badala ya kukimbia. Kila gridi ya pili ilipata rezista ya omu 100. Mkondo wa anodi uliwekwa miliampia 30, na kwa volti 435 hizo ni wati 13, takriban asilimia 69 ya kikomo. Kabla ya kuagiza valvu tulipima nafasi kati ya soketi na transfoma, kwa sababu baadhi ya 7591 mpya ni nene kuliko za zamani na katika chesisi hii, yaani fremu ya chuma ya chombo, kulikuwa na soketi mbili zilizobanwa.

Matokeo

Kati ya valvu nne mpya zilizoagizwa, moja ilionyesha mkondo mkubwa wa gridi tangu siku ya kwanza, ikarudishwa kwa muuzaji na kubadilishwa. Zilizobaki zilipoteza chini ya volti 1 kwenye rezista mpya. Valvu ile iliyokimbia mwanzoni iliwekwa tena kwa jaribio: mkondo wake ulipanda kwa miliampia chache katika saa ya kwanza, kisha ukasimama. Kwa namba hiyo ndipo nilipoamini kwamba tulikuwa tumetibu ugonjwa wenyewe.

Chaneli zote mbili zilitoa wati 27 kwenye mzigo wa omu 8 kabla ya mawimbi kukatwa. Risiva iliporudishwa kuangaliwa baada ya miezi sita, mikondo ya valvu zote nne ilikuwa imehama kwa kiasi kisichozidi miliampia 2. EL34 zilirudishwa dukani. Zile tatu za zamani mwenyewe amezihifadhi.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kutenganisha sababu. Kwa kupima gridi valvu ikiwamo, kisha ikiwa imechomolewa, kisha kwa valvu ya zamani, tulipata mgawanyo wa lawama kwa volti. Valvu mpya, kapasita chakavu, seleniamu iliyolegea, umeme wa ukutani uliopanda na rezista iliyovuka kikomo tangu kiwandani vyote vilichangia, na kila kimoja kingeweza kusingiziwa mzigo mzima.

Upande wa kulia tulifanya hatua moja baada ya nyingine, na ndiyo maana tunaweza kusema kwa uhakika kwamba bayasi mpya peke yake haikutosha. Upande wa kushoto kila kitu kilibadilishwa kwa mkupuo kwa kuwa hapakuwa na dalili, na kwa hiyo hautufundishi lolote kuhusu uzito wa kila sehemu.

Ulinganishaji wa valvu uliofanywa na muuzaji haukusaidia. Nne zilizouzwa kama seti sawa zilipishana kwa miliampia 9 zilipopewa bayasi moja. Nadhani sababu ni kwamba muuzaji huzipima kwa volti za chini, mbali na 435 ambazo zingekutana nazo. Virekebisho vya kila valvu viliziba pengo hilo wakati valvu zimetulia bila mawimbi. Havifanyi zilingane zinapoendeshwa kwa nguvu. Kwa anayeagiza, ni afadhali amwulize muuzaji volti alizopimia kabla ya kulipia neno la seti.

Kwa mafundi wa Tanzania na Kenya, ambako umeme ni wa hezi 50 na volti 230 hadi 240, hoja ya transfoma ni nzito zaidi. Chombo cha Marekani kilichobuniwa kwa hezi 60 peke yake, kikitumiwa kupitia transfoma ya kushushia volti, bado hupokea hezi 50, na kiini cha transfoma yake hukaribia kushiba mapema na kupata moto zaidi hata kabla ya mzigo wowote kuongezwa. Katika hali hiyo singefikiria EL34 hata kidogo, na ningeshusha volti ya kuingilia mpaka 110 hivi, kisha nipime filamenti na bayasi upya.

Joto la transfoma katika risiva yetu lilipungua lakini halikuisha. Sanduku la mbao halina matundu ya kutosha juu ya valvu, na mwenyewe hakutaka litobolewe. Tulikubaliana asiweke kitu juu yake, na kwamba mkondo wa kila valvu upimwe tena kila mwaka kwenye zile rezista za omu 10, ambazo ziliachwa mahali pake kwa ajili hiyo.